Mbuzi wa Ntheo hadi Shimba Hills kwa Gari la Baba

Wote mnaoniuliza kama gari lilifika, lilifika. Mnaouliza kuhusu mbuzi, hao jibu lao ni refu kidogo, kwa sababu idadi iliyofika si ile iliyoondoka. Nimeamua kuandika mara moja nipumzike. Kila nikiegesha lori la maji pale stendi mnanianzisha upya, na kama Anko Kioko yuko karibu ananirekebisha mpaka hadithi inakuwa yake.

Kwa asiyejua mwanzo: mimi na Mama Mwende tumekaa pamoja miaka ishirini na miwili. Nilimpata Ukunda nikiendesha lori la mchanga, nikamleta Machakos, tukaanza maisha. Kwao ni Wakamba kama sisi, ila babake, Mzee Ndolo, alizaliwa Kivaa, kule Masinga, na akahamia Shimba Hills akiwa mtoto, wakati watu wetu wengi walipokwenda kufungua mashamba kule. Nilienda kujitambulisha, nikala kuku, nikapeleka blanketi. Kitu ambacho sikupeleka ni mbuzi wa ntheo. Ntheo ni mbuzi watatu tu. Lakini kwetu, bila hao watatu, mwanamke bado ni wa kwao, hata mkizaa na kuota mvi pamoja.

Baba yangu alikuwa amesema tutawapeleka kwa gari lake, ile 504 stesheni wagoni nyeupe, yeye ameketi mbele na mimi kwenye usukani. Mwaka mmoja mvua ikakosa. Mwaka mwingine mimi nilikuwa Lodwar, mnajua sikai mahali. Halafu baba akafariki, na gari likakaa miaka minane chini ya turubai nyumbani.

Sasa binti yetu Mwende amepata mchumba, na watu wa mchumba wakatuma habari kwamba wanakuja na mbuzi wao. Anko Kioko, ndugu mdogo wa baba, akaniita kando.

"Mutua, huwezi kula mbuzi ya msichana kabla ya kupeleka ya mama yake. Hao watu wakikuja, mimi mwenyewe nitawaambia warudi nayo."

Mwende aliposikia hivyo hakuniongelesha siku tatu. Nikampigia Mzee Ndolo. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Lete Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Lakini ziwe za Masinga. Hizi za huku naziona kila siku."

Nilikuwa na wiki tatu.

Kwa fundi Maingi, Machakos

Ningeweza kukodi pikapu. Mama Mwende alisema hivyo, Mwende akasema hivyo, hata Maingi ambaye angekosa kazi akasema hivyo. Maingi tulikaa dawati moja sekondari, na gereji yake iko kwenye njia ya kuteremka, jambo linalosaidia magari yasiyowaka. Tulilivuta gari mpaka kwake kwa kamba. Akafungua boneti akatazama ndani muda mrefu.

"Umeniletea gari ama ploti?" akauliza. "Hapa kuna wapangaji."

Panya walikuwa wamejaza kisafisha hewa kwa manyoya na maganda ya maharagwe. Kuku naye alikuwa ametaga chini ya kiti cha nyuma, mayai ya zamani sana, na sitaeleza zaidi.

Kwa wiki mbili nilikuwa nikimaliza kusambaza maji saa nane, kisha naenda kushika tochi na kutumwa spana. Tulitoa tangi la mafuta tukalikung'uta kutu. Tulifungua kabureta, vipande vyake tukavilaza kwenye gazeti kwa mpangilio, upepo ukaja. Vilipatikana vyote isipokuwa springi moja, ambayo Maingi aliitengeneza kutoka kwenye springi ya kalamu, na nawaambia ndiyo iko humo mpaka leo. Platini mpya, plagi mpya, fenibelti mbili, moja ya kufunga na moja ya kubeba. Breki zilimchukua siku tatu na matusi mengi. Kiti cha mwisho tukakitoa, tukatandika mbao na magunia kwa ajili ya abiria wenye pembe.

Ugomvi ulikuwa mmoja tu. Sindano ya joto kwenye dashibodi ilikuwa imekufa, imesimama katikati, palepale ilipokuwa nikiwa kidato cha pili. Maingi alikuwa na nyingine, ya duara, iliyotoka kwenye gari la Kijapani, alitaka kuifunga juu ya dashibodi kwa skrubu mbili.

"Utatoboa dashibodi ya mzee," nikasema.

"Mzee hayuko. Wewe ndiye unaenda Pwani."

"Usitoboe."

Akafuta mikono kwa kitambaa, polepole. "Sawa. Basi wewe ndiye sindano. Kila kilomita hamsini unasimama, unaweka mkono kwa boneti. Ukisikia iko moto kuliko chai, unangoja."

Nikakubali. Wakati huo ilionekana jambo rahisi.

Machakos hadi Kivaa na kurudi

Safari ya majaribio ilikuwa ya kuchukua mbuzi wenyewe. Tuliondoka Jumatano mimi na Anko Kioko, tukapitia Tala na Matuu, na gari likaimba vizuri hata nikaanza kupiga honi kusalimia watu nisiowajua. Anko alikuwa amevaa suti na kofia yake ya kanisani. Alisema mtu akienda kuchagua mbuzi wa ntheo havai kama mchungaji wa mbuzi.

Mwenye mbuzi alikuwa mama mmoja wa Kivaa, mwembamba, wa maneno machache. Alitutolea mbuzi kumi hivi. Anko akapita kati yao akiwapapasa migongo, akachagua dume jekundu, jike la madoa, na jike jeusi lililonona kuliko wote.

"Huyo mweusi," yule mama akaanza, "huyo mimi ningewaambia..."

"Mama, mimi nimechunga mbuzi kabla hujazaliwa," Anko akamkatiza. "Mbuzi iliyoshiba naijua nikiwa barabarani."

Yule mama akanitazama. Mimi nikatazama Anko. Akainua mabega, akatusaidia kuwapakia, akatupa uji wa mtama. Tulipoondoka alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Nilidhani anatuonea wivu kwa gari.

Machakos hadi Makindu

Ijumaa asubuhi tukaondoka watu watatu na mbuzi watatu: mimi kwenye usukani, Anko mbele na kofia yake, Mama Mwende katikati na chungu cha muthokoi miguuni, na mbuzi nyuma wakitazama dirishani kama watu wa ofisi. Habari ya karatasi za gari na za kusafirisha mifugo sitawachosha nayo.

Hatujafika hata barabara kuu, Anko akageuka nyuma.

"Mama Mwende, tuelewane mapema. Kutoka leo mpaka kesho wewe ni wa upande ule. Tukiongea mambo ya mbuzi, funga masikio."

"Nitafunga," akasema. "Na hii muthokoi nayo ni ya upande ule?"

Anko akafikiri. "Chakula hakina upande."

Huo ndio ulikuwa mtindo wake njia nzima. Kila baada ya kilomita ishirini alikuwa na sheria nyingine ya ntheo: mbuzi wasitazame nyuma, dereva asipige mluzi, mwanamke asiwape chumvi. Mama Mwende alininong'oneza kwamba nusu yake anaitunga hapohapo. Mimi sikujali. Barabara ilikuwa wazi, malori yalikuwa yakitupisha kwa heshima ya uzee, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilisikia mlio ule wa injini niliokuwa nikilala nao utotoni tukirudi kutoka kwa nyanya. Nilisimama Salama nikagusa boneti. Nikasimama Sultan Hamud nikagusa. Baada ya Emali nilianza kumhadithia Anko jinsi baba alivyovuka mto uliofurika kwa gari hili, na hadithi ikawa tamu, na mkono wangu ukasahau kazi.

Mama Mwende ndiye aliyesema. "Kuna sufuria inaungua."

"Ni mbuzi," Anko akasema.

"Mbuzi haziungui, Anko."

Nikatazama sindano. Ilikuwa katikati, imetulia kama kawaida yake. Kisha moshi mweupe ukafunika kioo.

Tulisimama kabla kidogo ya Makindu, chini ya mgunga wenye kivuli cha kubahatisha. Paipu ya rejeta ilikuwa imepasuka mwishoni. Nikampigia Maingi.

"Sindano ilikuwa inasema nini?" akauliza.

"Ilikuwa palepale."

"Na mkono?"

Nikautazama mkono. Nilimsikia akivuta pumzi. "Ngoja ipoe kabisa. Kata pale imepasuka, rudisha, kaza na bisibisi. Halafu jaza maji. Na Mutua, ukifika huko umwambie baba mkwe wako ulikataa kutoboa."

Kukata na kukaza sikushindwa. Maji ndiyo yalikuwa shida. Tulikuwa na dumu moja la lita ishirini, nalo lilikuwa la mbuzi, ambao walikuwa wametoa ndimi nje kwa joto.

"Mbuzi kwanza," Anko akasema. "Mbuzi wa ntheo akifika amesinyaa ni matusi."

"Mkiwapa mbuzi yote, watafika kwa miguu?" Mama Mwende akauliza. Akachukua dumu, akawamiminia kidogo kwenye sufuria, yaliyobaki akayashika yeye. "Ya gari ni haya. Mtu asiyaguse mpaka lipoe."

Ni wakati tulipokuwa tukiwashusha wanywe ndipo jike jeusi lilipokataa maji. Likazunguka mara mbili, likalala, likaanza kuguna. Mama Mwende akaliinamia, akalipapasa tumbo, kisha akamtazama Anko.

"Ulisema imeshiba?"

Anko akavua kofia. Akaivaa tena. Akatugeuzia mgongo na kutangaza kwamba mwanamume hatazami. Mama Mwende, aliyekulia na mbuzi, akakunja mikono ya blauzi akapiga magoti. Dereva mmoja wa lori la vitunguu alisimama kutuuliza kama tuna shida. Alipoona gari limefunguliwa boneti, mzee wa suti anaangalia mti, na mwanamke anazalisha mbuzi, akashuka bila kuuliza zaidi. Alituletea dumu lake la maji, lililojaa.

"Hii si gari," akasema, "hii ni wodi."

Baada ya nusu saa kulikuwa na kitoto cheusi chenye nyota nyeupe kwenye paji la uso, kikijaribu miguu yake mmoja baada ya mwingine. Sote tukafurahi, mpaka Anko alipoanza kuhesabu.

"Ntheo ni tatu. Hizi sasa ni nne."

"Mtoto anafuata mama yake," Mama Mwende akasema.

"Mama yake bado ni mbuzi yetu. Hajapokelewa. Kwa hivyo mtoto ni wetu, anarudi Machakos."

Mama Mwende alikuwa akipangusa mikono kwa majani. Hakuinua sauti. "Anko, nikuulize kama mtu wa upande ule. Mimi sijapelekewa mbuzi. Sasa Mwende ni wa nani?"

Mnajua jibu, na mimi nilijua. Kwa mila, Mwende ni wa Shimba Hills. Watoto wetu wote watatu, hata yule mdogo anayeitwa jina la baba yangu, ni wa Shimba Hills. Nilikuwa nimelisikia hilo miaka yote kama mtu anavyosikia tangazo la redio. Pale kando ya barabara, nikiwa nimeshika bisibisi, ndipo liliponifikia.

"Kaza hiyo paipu twende," Mama Mwende akaniambia.

Makindu hadi Voi

Tulienda polepole kama msafara wa harusi, nikisimama kila kilomita thelathini. Mkono wangu wa kulia ulijifunza boneti kama daktari. Kibwezi tulinunua machungwa, Mtito Andei tukala mayai ya kuchemsha na kachumbari, na hakuna aliyetaja sheria yoyote. Kitoto kilisafiri kwenye mapaja ya Mama Mwende, kimefungwa leso.

Voi tulifika jua likikaribia kuzama. Mpango ulikuwa kulala Kwale, lakini mpango huo ulibaki Makindu. Gesti tuliyopata ilikuwa ya mama mmoja Mtaita, Mama Wakesho, mwenye ua msafi wenye kamba za kuanikia shuka. Aliangalia gari, akamwangalia Anko na suti yake yenye manyoya ya mbuzi.

"Mnahama?" akauliza.

"Tunaoa," Anko akasema.

"Nani anaoa?"

Anko akanionyesha kwa kidole. "Na bibi arusi yuko wapi?" mwenyeji wetu akauliza. Anko akamwonyesha Mama Mwende, na mvi zake, na mbuzi mkononi. Mama Wakesho alilazimika kuketi kwenye ndoo. Alipomaliza kucheka alituruhusu kuwafunga mbuzi uani, mradi shuka zitolewe kwanza, na mwenyewe akatupikia kimanga cha muhogo na maharagwe, laini, tukala kwa kuchovya mchuzi wa samaki. Nimeonja vyakula vingi katika kutangatanga kwangu. Hicho ningekirudia hata leo.

Tulipokuwa tukila alimgeukia mke wangu. "Dada, na ukikataa? Hawa watarudi na mbuzi zao?"

"Kesho baba ataniuliza kama wapokelewe," Mama Mwende akasema. "Ndiyo desturi."

"Na utasema?"

"Sijaulizwa bado."

Alisema akitafuna, bila uzito wowote. Anko akaendelea na kimanga. Mimi tonge nikalirudisha sahanini. Wiki tatu nilikuwa nimehangaika na kabureta, breki na tangi la mafuta, na haikuwa imenipitia akilini kwamba kuna mtu mmoja ambaye bado hajasema ndiyo.

Voi hadi Shimba Hills

Tuliondoka alfajiri gari likiwa baridi, kama Maingi alivyoagiza kwa simu. Mariakani tulikunywa chai na viazi karai. Hatukuingia mjini Mombasa. Tulishika barabara mpya ya Dongo Kundu, inayopita juu ya maji kwa madaraja marefu. Anko hakuwa amewahi kuona maji mengi hivyo. Akaniomba nisimame, na kwa kuwa pale hapasimamwi, nikapunguza mwendo.

"Na haya yote hayanyweki?" akauliza.

"Hayanyweki."

Akatikisa kichwa. "Na sisi Machakos tunapanga mitungi."

Mlima wa kupanda Kwale tulisimama mara nne. Mara ya nne nilipoweka mkono, Mama Mwende alishuka, akaweka wake kando ya wangu.

"Chai," akasema. "Bado si moto kuliko chai." Nilitaka kumwambia kitu hapo, lakini Anko akapiga honi.

Saa tano tuliingia uani kwa Mzee Ndolo. Wazee sita walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki. Nilisimamisha gari mahali pa kwanza nilipoona, nikazima injini nikiwa na furaha ya kuisikia ikizima kwa hiari.

Mzee Ndolo hakutusalimia kwanza. Alienda nyuma ya gari na mkongojo wake, akafungua mlango, akamshika jike la madoa mgongoni. Kwenye manyoya kulikuwa na mbegu za nyasi, zile zinazong'ang'ania suruali. Akaichomoa moja, akaitazama kwenye kiganja. "Hii ni ya kwetu," akasema, akaitia mfukoni. Kitoto alikitazama, akamtazama Anko. Anko akaanza kueleza, Mzee akainua mkono. "Amekuja na mama yake. Aingie na mama yake."

Tukaketi. Anko alisema ya kusema, na alisema vizuri. Alimtaja ndugu yake aliyetaka kuja mwenyewe akazuiwa na kaburi. Kisha Mzee Ndolo akamwita mke wangu kwa jina ambalo mimi hulisikia mara chache.

"Ndunge. Hawa watu wanasema wamekuja kwa ajili yako. Mbuzi wao tupokee?"

Ndunge alisimama. "Baba, nataka kwanza nimuulize kitu."

Wazee wakatazamana. Mzee Ndolo akaitikia kwa kichwa.

"Baba Mwende," akasema, akinitazama usoni, "kama si harusi ya Mwende, ungekuja?"

Kando yangu Anko alikuwa akitikisa kichwa juu chini kwa nguvu zote, ndiyo, ndiyo. Wale wazee sita walingoja. Nilifikiria Lodwar, na miaka ya mvua na isiyo na mvua, na turubai lile nyumbani.

"Mwaka huu, hapana," nikasema. "Ningesema mwaka ujao. Na mwaka ujao ningesema hivyohivyo."

Anko akajifunika uso kwa kofia. Ndunge alinitazama kwa muda ambao ungetosha kupoza injini.

"Ungesema ndiyo," akasema, "mngerudi nao mpaka Masinga." Akamgeukia babake. "Wapokee."

Wazee wakaanza kuongea wote pamoja, mtu akaitisha kisu, mwingine akawafungua mbuzi. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba gari nimelisimamisha mbele ya mlango wa zizi. Nikarukia ndani kuliwasha. Likakohoa mara moja, likanyamaza.

"Shuka," Ndunge akaniambia, "nipe usukani." Akaketi yeye, mimi nikaenda nyuma. Mzee Ndolo akaegemeza mkongojo wake kwenye ua, akaja akaweka mikono karibu na yangu, na wazee wengine wakajipanga pande zote mbili, na Anko, suti na yote. Tukasukuma mpaka mlango ukawa wazi, na mbuzi wakaingia.